Nyumba, Mnazi na Ardhi: Maisha na Milki katika Jomvu Kuu

Mtu atokaye kisiwani Mombasa akashika barabara kuu ya Nairobi huvuka Makupa, hupita Changamwe na Mikindani, na kabla ya kufika Miritini huona kwa upande wa kulia njia zinazoteremka kuelekea majini. Huko ndiko Jomvu Kuu. Juu barabarani mna malori yaliyopakia makasha ya bandarini, na gereji, na maduka. Lakini mtu akiisha teremka kidogo hukuta minazi na miembe, misikiti na makaburi ya wazee, na mwisho wa njia hukuta mikoko iliyosimama katika tope la hori liingialo kutoka Tudor. Mji unashuka kutoka barabarani, na kijiji kingali mahali pake.

Kwa sababu hiyo wengi wanaotafuta kiwanja cha kujenga huuliza habari za Jomvu Kuu. Karani wa bandarini ataka kujenga karibu na kazi yake. Mkulima wa bara ataka kuweka fedha zake katika ardhi ya pwani. Nao wenyeji, kila wakisikia bei mpya, hujiuliza kama yafaa kuuza au kukaa. Lakini kabla ya kuuliza bei, yampasa kila mmoja wao aulize jambo jingine: ni kitu gani hasa kinachouzwa? Maana katika pwani hii nyumba ni kitu kimoja, mnazi ni kitu cha pili, na ardhi ni kitu cha tatu. Na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe mbali.

KIJIJI CHA ZAMANI

Wajomvu ni mojawapo ya yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa yaitwayo Thenashara Taifa. Wao wamo katika kundi la Tisa Taifa, pamoja na Wamvita, Wakilifi, Wamtwapa na wengineo. Maskani yao yanayojulikana ni Jomvu Kuu, Maunguja na Junda, na lahaja yao huitwa Kijomvu. Tangu zamani walikuwa watu wa kati, baina ya kisiwa na bara. Bidhaa za Mombasa zilipanda kwa mashua katika hori, na mazao ya Warabai na majirani zao wa milimani yaliteremka kwa miguu mpaka majini. Wamisionari Krapf na Rebmann walipoanza kazi yao Rabai mwaka 1846, njia yao ya kwenda na kurudi Mombasa ilikuwa ni hii ya mkono wa bahari.

Kazi za kale hazijaisha. Wavuvi wangali wanatoka na mitumbwi, na horini hupatikana samaki, kamba na kaa. Wanawake hununua samaki wabichi, huwakaanga na kuwauza vijijini na barabarani, na fedha hizo ndizo zinazolipa karo za watoto wengi. Minazi hutoa nazi za jikoni na makuti ya kuezekea. Minazi mirefu ya pwani hupandwa kwa nafasi ya mita 9 kila upande, hata eka moja hupata kama minazi 50. Mnazi wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi, kisha huendelea kuzaa kwa muda mrefu kuliko maisha ya kazi ya yule aliyeupanda. Ndiyo maana mnazi pwani si mti tu: ni mali ya kurithiwa.

Mikoko nayo ni mali, lakini si ya mtu mmoja. Misitu yote ya mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na tangazo hilo likatiwa nguvu tena mwaka 1964. Mkoko huzuia udongo usichukuliwe na maji, na katika mizizi yake ndimo samaki wadogo na kamba wanamokulia. Kwa hiyo mtu yeyote aonyeshwaye kiwanja ambacho maji ya bamvua hukifikia, au ambacho mikoko imekatwa ili kijazwe kifusi, ajue kuwa anaonyeshwa kitu kisichouzika, hata kikiwa na bei rahisi.

MJI UMEKUJA

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikapanda kuelekea Mazeras, na tangu siku hizo bara hii ya Changamwe haikupumzika. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa Changamwe, kikafanya kazi mpaka mwaka 2013. Mwaka 2017 reli mpya ya Nairobi ilifunguliwa, na stesheni yake kuu ya Mombasa ikawekwa Miritini, jirani kabisa na Jomvu. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 Jomvu ilikuwa jimbo la uchaguzi peke yake, lenye wadi tatu: Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani.

Mambo hayo yameleta kazi, na kazi imeleta wapangaji. Mwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, aweza kulala katika kimoja na kupangisha vitano. Kwa mjane au mzee asiye na mshahara, hiyo ndiyo pensheni yake. Lakini mji ukija huja na mengine pia: maji ya mfereji hayatoshi, takataka za juu huteremka horini wakati wa mvua, na viwanda hujengwa karibu na watu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kilichomo katika jimbo hilo hilo la Jomvu, watu walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama huko Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mnunuzi mwenye busara hatazami kiwanja tu; hutazama na kilicho upande wa pili wa ua.

SHERIA YA MWAKA 1908

Ili kufahamu milki za Jomvu Kuu ni lazima kurudi nyuma kidogo. Tarehe 14 Desemba 1895 Uingereza na Sultani wa Unguja walipatana kwamba ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi utawaliwe na Waingereza kwa niaba ya Sultani. Katika ukanda huo watu walikuwa wakimiliki mashamba kwa sheria ya Kiislamu na kwa desturi, wakiuza, wakiweka rehani na wakiacha wakfu, na mashahidi wao walikuwa majirani na wazee.

Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi. Kila mtu aliyedai ardhi katika ukanda alitakiwa kupeleka madai yake mbele ya Mwandishi wa Hati, aonyeshe mipaka yake na kuleta ushahidi. Aliyekubaliwa alipewa hati. Ardhi isiyodaiwa na mtu, au iliyodaiwa bila ushahidi wa kutosha, ilihesabiwa kuwa ya serikali. Hati zenyewe zilikuwa za namna tatu: hati ya milki kwa mwenye ardhi, hati ya rehani kwa aliyekopesha, na hati ya haki kwa yule aliyekuwa na kitu juu ya ardhi ya mwingine, kama vile nyumba au minazi.

Jambo hili dogo la karani ndilo lililogawa watu. Aliyejua habari, aliyekuwa na nauli ya kwenda mjini, na aliyeweza kuleta mashahidi, alitoka na karatasi. Aliyekuwa shambani au baharini, au aliyedhani kuwa makaburi ya babu zake yatosha kuwa ushahidi, alibaki na ardhi mkononi lakini si katika daftari. Tena sheria ile ilimtambua mtu mmoja mmoja kwa wepesi kuliko ukoo mzima uliokuwa ukitumia ardhi kwa pamoja, na kwa hiyo jamaa nyingi za pwani zilipungukiwa.

Kenya ilipokuwa karibu kupata uhuru, jambo la ukanda liliangaliwa tena. Katika mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte wa Unguja, serikali mpya iliahidi kuzitambua hati za milki ya daima zilizokwisha andikishwa katika pwani, na kulipa fidia kamili ikiwa ardhi hiyo itahitajiwa kwa manufaa ya umma. Sheria ya mwaka 1908 ilidumu zaidi ya miaka mia; ilifutwa mwaka 2012 zilipotungwa sheria mpya za ardhi za Kenya. Lakini milki zilizoandikwa chini yake hazikufutwa, na katika sehemu nyingi za bara ya Mombasa mzizi wa hati ya leo ungali ni ile karatasi ya zamani.

NYUMBA BILA ARDHI

Sasa mtu aweza kufahamu desturi iitwayo nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi humruhusu mtu kujenga, na yule aliyejenga humlipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Nyumba ni mali yake: aweza kuikalia, kuipangisha, kuiuza na kuirithisha. Ardhi si yake hata kidogo. Sheria ya Kiingereza hunena kuwa kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, lakini sheria ya Kiislamu na desturi ya pwani hutenganisha, na mahakama za Kenya zimeitambua desturi hii.

Utaratibu huu uliwafaa maskini wengi, kwa maana mtu aliweza kuwa na nyumba yake bila kuwa na fedha za kununua ardhi. Lakini una mashaka yake. Mwenye ardhi mara nyingi hakubali ijengwe nyumba ya mawe, kwa kuwa nyumba ya mawe haibomoki upesi; kwa hiyo watu hubaki katika nyumba za miti na udongo hata wakiwa na uwezo. Benki nayo haikopeshi kwa dhamana ya nyumba isiyo na hati. Na siku mwenye ardhi akiuza, mwenye nyumba huletewa barua na mtu asiyemjua.

Chukua mfano wa karani kijana anayeonyeshwa nyumba nzuri ya vyumba sita kwa bei rahisi ajabu. Akiwa na busara atamwuliza mzee mwenye nyumba: "Shikamoo mzee. Nauliza kwa adabu, nauziwa nyumba, au nauziwa nyumba na ardhi yake?" Na mzee akiwa mkweli atamjibu: "Marahaba mwanangu. Nyumba ni yangu, niliijenga kwa mkono wangu. Ardhi ina mwenyewe, nami namlipa kodi." Hapo hapana aliyedanganywa. Bei ni rahisi kwa sababu kinachouzwa ni kuta na paa, pamoja na wajibu wa kulipa kodi ya ardhi. Hasara huja pale kijana anapoona haya kuuliza, au mzee anaponyamaza.

HABARI YA MIAKA 12

Wako watu wasemao kuwa aliyekaa mahali kwa miaka 12 amekuwa mwenye mahali. Maneno haya yana ukweli, lakini si wote. Sheria ya Kenya yasema kuwa mtu aliyekaa katika ardhi ya mwenziwe kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini ya mwenyewe, aweza kuiomba mahakama iamuru aandikwe yeye. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani huko Malindi iliamua kwamba sheria hiyo haipingani na Katiba ya mwaka 2010.

Lakini neno zito ni hilo la idhini. Mtu alipaye kodi ya ardhi amekaa kwa ruhusa, na stakabadhi zake ndizo ushahidi wa ruhusa hiyo. Hata akikaa miaka 50, ardhi haimgeukii. Stakabadhi zile humlinda asiitwe mvamizi. Hazimfanyi kuwa mwenye ardhi. Ni vema wakaaji walijue jambo hili mapema, kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.

Na mahali ambapo wakaaji wengi wamegongana na mwenye hati, dawa iliyotumika mara kwa mara ni serikali kuinunua ardhi yenyewe. Hivyo ndivyo ilivyofanyika huko Likoni katika shamba la Waitiki, lenye eka 930. Lilivamiwa mwaka 1997, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwagawia wakaaji hati. Miaka 19 ilipita baina ya mambo hayo mawili. Asitegemee mtu kuwa njia hiyo itamfikia upesi.

UGONJWA WA MIRATHI

Hata kwa wale wenye hati nzuri, liko jambo linaloziharibu milki za vijiji vya zamani kuliko wavamizi, nalo ni kuchelewa kugawa mirathi. Babu alipewa hati, babu alikufa, watoto hawakwenda kwa Kadhi, nao wakafa. Leo daftari la serikali lingali na jina la mtu aliyezikwa miaka mingi iliyopita, na wajukuu wake wakaa kila mmoja katika pembe yake.

Hesabu yenyewe si ngumu inapofanywa kwa wakati. Ikiwa mtu ameacha shamba la eka 8, na warithi wake ni mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili, mke hupata sehemu ya nane, yaani eka 1. Zile eka 7 zilizobaki hufanywa mafungu manne: mwana hupata mawili, yaani eka 3.5, na kila binti hupata moja, yaani eka 1.75. Kila mtu ajua lake. Lakini wakingoja, mambo hubadilika. Yule mwana akifa akaacha mke, wana watatu na mabinti wawili, zile eka 3.5 hugawanyika hata fungu la kila binti hupungua chini ya nusu eka. Na bado warithi wa shangazi wawili hawajahesabiwa.

Hapo ndipo apatikanapo dalali. Humwendea kijana mmoja mwenye shida, akamnunulia "fungu" lake bila ndugu zake kujua. Kijana hupokea fedha, huzila, na mnunuzi huanza kujenga. Kisha shangazi, ambao ni warithi halali, hufika na kuuliza. Kesi huanza, fedha za pande zote huliwa na kesi, na ardhi husimama bila faida. Kadhi ana mamlaka ya mirathi ya Waislamu kwa mujibu wa Katiba. Kumwendea mapema ni gharama ndogo kuliko kugombana baadaye.

MFANO WA NCHI YA MBALI

Mambo haya si ya Jomvu peke yake. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi iko Indonesia, nchi ya minazi na visiwa, yenye Waislamu wengi sana. Huko nako desturi ya vijijini tangu kale hutenganisha ardhi na kilicho juu yake: mwenye nyumba au mti aweza kuwa mtu mwingine, si mwenye ardhi. Waholanzi walileta sheria yao ya Kizungu, lakini baada ya uhuru, mwaka 1960, Indonesia ilitunga sheria kuu ya ardhi iliyojengwa juu ya desturi ya wenyeji. Sheria hiyo iliweka pia kwamba milki kamili ya ardhi ni ya raia tu. Mgeni hupata haki ya kutumia kwa muda.

Kenya imefanya karibu vivyo hivyo. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mtu asiye raia hawezi kuwa na ardhi ila kwa kukodi, na muda wake hauzidi miaka 99. Hata hivyo katika nchi zote mbili sheria humzuia mgeni wa ng'ambo, lakini haimzuii mwenyeji kuuza bila kufikiri.

YAMPASAYO MNUNUZI NA MWENYEJI

Anayetaka kununua Jomvu Kuu, au mahali popote pa bara ya Mombasa, na afuate taratibu hizi. Kwanza, atake nambari ya kiwanja, aende katika afisi ya usajili wa ardhi, atazame daftari mwenyewe au kwa wakili wake, aone jina lililoandikwa na kama kuna rehani au zuio. Pili, apeleke mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe mawe ya mpaka, maana kiwanja cha mdomo hukua na kupungua. Tatu, awaulize wanaokaa pale wanakaa kwa haki gani. Nne, ahakikishe kuwa ardhi si ya wakfu, kwa kuwa wakfu hauuzwi, wala si ya makaburi, wala si ya mikoko. Tano, mapatano yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na kushuhudiwa. Sheria haikubali mauzo ya ardhi ya maneno matupu. Sita, ikiwa ni nyumba ya mume na mke, mke au mume akubali pia. Na asisahau kuweka akiba ya ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Kwa mwenyeji maneno ni machache zaidi. Na azitafute karatasi za babu, azitoe katika sanduku lenye mchwa, na afanye nakala. Na akusanye ndugu, wanaume kwa wanawake, waende kwa Kadhi wakiwa bado wanasemezana. Anayekaa katika ardhi ya mwingine na atunze kila stakabadhi ya kodi, na wakaaji wenzake washauriane: mwenye ardhi akitaka kuuza, huenda wakanunua wao kwa pamoja kabla ya kuja mtu wa mbali. Na yule mwenye shida ya leo na akumbuke kuwa fedha za kiwanja huisha kabla ya mwaka, lakini vyumba vitano vya kupangisha hulisha watu mpaka uzeeni. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Jomvu Kuu ina kila kitu cha kuifanya pahali pema pa kuishi: maji ya chumvi mbele, barabara nyuma, kazi karibu, na jamaa wanaojuana. Mji utazidi kuteremka, wala hakuna wa kuuzuia. Ukifika chini utawakuta watoto wa Wajomvu wakiwa ama wenye viwanja wanaopangisha wageni, ama wapangaji katika viwanja vya babu zao. Mwaka 1908 jambo hilo lilikatwa na aliyefika mbele ya mwandishi na asiyefika, na hata leo lakatwa vivyo hivyo. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.